Kumfuata babu wa enzi za Mjerumani: namna ya kuchimba ukoo Tabora na Ujiji

Familia nyingi za Tabora, Urambo, Ujiji na Kasulu zikihesabu nyuma vizazi vitatu au vinne hufika kwa mtu aliyekuwa hai wakati wa Mjerumani, na hapo ndipo kamba hukatika. Hana cheti cha kuzaliwa. Jina lake la utotoni si lile aliloandikiwa kodi, na la kodi si lile la msikitini au kanisani. Kijiji alichozaliwa hakipo tena. Anayeanza kwa kusaka jina peke yake hupoteza miezi bure. Kisichohama katika nchi ya Unyamwezi na Buha ni eneo pamoja na mtawala wake: mtemi na wanangwa wake (wakuu wa vijiji walio chini yake) upande wa Tabora, mwami upande wa Buha, liwali kwa watu wa mjini Tabora na Ujiji. Wakoloni walipanga karatasi zao kwa kufuata watawala hao, na wazee wanakumbuka kwa kufuata watawala haohao. Mjue kwanza babu alikuwa mtu wa mtemi gani.

Piga hesabu kabla ya kumhoji mtu

Chukua mwaka wa kuzaliwa ulio na uhakika, kisha toa miaka 28 kwa kila kizazi. Kwa mtu aliyezaliwa 1985, baba atakuwa wa 1957 hivi, babu wa 1929, baba wa babu wa 1901, na babu wa babu wa 1873. Hesabu hii inaweza kupotoka kwa miaka kumi na zaidi, hasa pale mzee alipooa wake kadhaa na kuzaa hadi uzeeni, lakini inatosha kukuonyesha ni serikali gani iliyomwandika.

Kando ya hesabu hiyo andika miaka ambayo wazee wa huku huitumia kama vigingi. Mtemi Mirambo wa Urambo alifariki 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya ngome yake Januari 1893, Wajerumani walipoivunja. Kodi ya nyumba ilianza 1898. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wabelgiji waliteka Kigoma Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Tabora ikakabidhiwa kwa Mwingereza mwaka uliofuata, lakini Kigoma na Ujiji zilibaki kwa Mbelgiji hadi Machi 1921. Homa kubwa ilipita 1918 na 1919. Rupia iliondoka na shilingi ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Vyeo vya watemi vilifutwa 1963.

Vigingi hivi vinapima ukweli. Ukoo ukisema yule babu wa 1873 alikuwa rugaruga (askari) wa Mirambo, hesabu inakataa: Mirambo alipokufa, mtoto huyo alikuwa na miaka 11. Ama kizazi kimoja kimerukwa, ama anayesimuliwa ni baba yake. Kurukwa kwa kizazi ndilo kosa la kawaida kuliko yote, kwa sababu mjukuu hupewa jina la babu yake na watu wawili wakageuka mmoja midomoni mwa wasimulizi.

Kuhoji wazee

Anza na mzee kuliko wote, hata kama wengine wanasema amesahau. Usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari au mche wa sabuni unatosha. Nenda asubuhi, kaa saa moja na nusu isizidi, rudi siku nyingine. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, na mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali na jina la anayezungumza, maana baada ya rekodi kumi sauti za mabibi huanza kufanana.

Maswali ya ukoo yana mtego wa lugha. Baba mdogo ni baba. Ndugu ya babu ni babu. Binamu ni kaka. Mzee akisema “baba yangu alitoka Sikonge,” uliza palepale: baba mzazi, au baba mkubwa, au baba mdogo? Akisema “ndugu zangu sita,” uliza wangapi ni wa tumbo moja. Kila jina likitajwa, liulizie mambo manne: alizaliwa wapi, wakati wa mtemi yupi, alizikwa wapi na nani alimrithi. Swali la urithi ndilo lenye mavuno zaidi. Watu husahau tarehe ya harusi, lakini hawasahau nani alichukua ng'ombe.

Kwa Wanyamwezi liongezee swali la mahari. Kwa desturi ya zamani, mahari isipotolewa watoto walihesabiwa wa upande wa mama. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu ametajwa kama mwana wa mjomba wake, au amekaa katika kijiji cha ukoo wa mama na kubeba jina la huko. Unamtafuta katika ukoo wa baba hayupo, kumbe aliandikwa kwa wajomba.

Usiwasahau watani. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema ambalo ndugu hawalisemi: kwamba marehemu alikuja akiwa amebebwa mgongoni kutoka ng'ambo ya ziwa, au kwamba babu alihama kwa kukimbia kodi. Msikilize, andika, kisha ulithibitishe kwingine.

Sanduku la bati

Kabla ya safari yoyote, omba kufunguliwa masanduku ya ndani. Yanayotafutwa ni risiti za kodi (mara nyingi zina mwaka, jina la mlipaji na mtemi au kijiji chake), vipande vya kazi vya mashamba ya mkonge, vyeti vya kuachishwa jeshi, barua za pensheni ya reli, kadi za ubatizo, hukumu za baraza, na kurasa za mwanzo au mwisho za Msahafu ambako waume waliandika vizazi na vifo kwa herufi za Kiarabu.

Tarehe za Kiislamu zigeuze hivi: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 1334 unakupa 1916, yaani mwaka wa vita vya Wabelgiji. Hesabu hii inaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mwezi ukiwa umeandikwa, tumia jedwali kamili.

Piga picha pande zote mbili za kila karatasi, kivulini na si juani, simu ikiwa sambamba na karatasi. Usiipake plastiki ya moto na usiunge kilichochanika kwa selotepu: gundi hugeuka njano na kula wino. Tia kila karatasi kwenye bahasha yake, andika juu ya bahasha kwa penseli kabla ya kuitia ndani, weka kwenye sanduku lililoinuliwa juu ya matofali. Mchwa wa Tabora hawahitaji masika mawili kumaliza historia ya ukoo.

Jina moja, sura tano

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tuende taratibu.

Kwanza, mtu mwenyewe alibadilisha jina. Jina la Kinyamwezi la kuzaliwa mara nyingi hueleza kilichotokea: Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni aliyewafuata, Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Likiwa hivyo ni ushahidi pia: ukikuta Shija, jua kuna mapacha waliomtangulia, hata kama walikufa wachanga na hakuna anayewataja. Akienda pwani na msafara alirudi na jina jingine. Akisilimu alipata la tatu, akibatizwa la nne, na kwenye reli au shambani mnyapara alimwandika kwa jina la utani. Kwa Waha jambo ni zito zaidi, kwa kuwa kwa desturi kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe lisilorithiwa. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani jina hata herufi. Usitafute “jina la ukoo” Kasulu au Kibondo katika karatasi za 1920, halikuwapo.

Pili, aliyeandika alisikia kwa masikio ya kwao. Mjerumani aliandika j yetu kama dsch au dj, sh kama sch, ch kama tsch, y kama j, z kama s. Ndiyo maana Kilimanjaro ni Kilimandscharo, Ujiji ni Udjidji, Unyanyembe ni Unjanjembe, Unyamwezi ni Unjamwesi, na Mwanza ni Muansa. Padri Mfaransa na karani Mbelgiji waligeuza u kuwa ou: Ounyanyembé, Ourambo. Hata mtemi Isike, mtu aliyewatoa jasho kwa miaka, kwenye taarifa za Kijerumani ni Siki. Tena l na r hubadilishana ovyo, na irabu ya mwanzo hudondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua faili lolote, kaa na penseli uandike sura zote ambazo jina la babu lingeweza kuchukua. Juma: Dschuma, Djuma, Djouma. Shabani: Schabani, Chabani. Mayunga: Majunga. Kwa kila jina tafuta sura kama sita, na orodha hiyo iwe mbele yako unaposoma. Anayetafuta “Juma” peke yake kwenye kitabu cha mwaka 1910 atapita juu ya babu yake bila kumwona.

Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani ni somo lake: e inafanana na n, s ndefu inafanana na f, na juu ya u kuna kistari kidogo kilichopinda kinachoitenganisha na n. Tenga siku tatu za kujifunza alfabeti hiyo kwa kunakili mistari. Baada ya hapo majina ya mahali yataanza kujitokeza yenyewe. Ukishatambua mahali, jina la mtu haliko mbali.

Vitabu vya ubatizo

Kwa familia za Kikristo hakuna hazina kubwa kuliko hii. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji 1879 na baadaye wakaenea Unyamwezi na mwambao wa ziwa. Wamoravia waliichukua Urambo 1898 kutoka kwa shirika la Kiingereza lililotangulia, kisha wakaenea Sikonge na kwingine. Jua mipaka ya wakati ule na si ya leo: mtu wa kusini mwa mwambao wa Kigoma anaweza kuwa kwenye vitabu vya Karema, na wa magharibi mwa Unyamwezi kwenye vya Ushirombo.

Mwandikie paroko barua kabla ya kwenda. Eleza uhusiano wako na unayemtafuta, taja miaka isiyozidi kumi, na omba asome yeye au katibu wake kama hairuhusiwi wewe kushika kitabu. Ombi la “angalia ukoo wetu wote” hukataliwa, na ni haki likataliwe.

Vitabu vya Kikatoliki vimeandikwa Kilatini. Maneno machache yanatosha: natus ni aliyezaliwa, filius na filia ni mwana wa kiume na wa kike, patrinus ni msimamizi wa ubatizo, circiter ni kadiri, in periculo mortis ni katika hatari ya kufa, obiit ni alifariki. Ukikuta 7bris, 8bris, 9bris, usisome Julai, Agosti, Septemba: ni Septemba, Oktoba na Novemba, kwa sababu ni hesabu ya Kirumi. Kosa hilo moja limewazeesha watoto wengi kwa miezi miwili kabla ya kuzaliwa kwao.

Tazama pambizo. Kuanzia 1908 Kanisa liliagiza ndoa iandikwe kando ya jina kwenye kitabu cha ubatizo, kwa hiyo pambizo linaweza kukupa mke, mwaka na parokia alikohamia. Tazama msimamizi pia. Mara nyingi alikuwa ndugu, jirani au katekista wa kijiji kilekile. Na kumbuka kwamba Mapadri Weupe walidai miaka minne ya mafundisho kabla ya kumbatiza mtu mzima. Aliyebatizwa 1912 alikuwa tayari jirani na misheni 1908. Umri wa mtu mzima kwenye vitabu hivi ni wa kukadiria. Ukiona 20, 30, 40 mfululizo, padri alikuwa anatazama uso tu.

Kitabu kikiwa kimeliwa au kupotea, mambo hayajaisha. Kila kituo cha Mapadri Weupe kiliandika shajara ya kila siku kwa Kifaransa, na nyaraka kuu za shirika ziko Roma. Za Wamoravia ziko Herrnhut, Ujerumani.

Ujiji, na waliotoka ng'ambo ya ziwa

Ukiona babu ameandikwa “Manyema,” usilichukue kama kabila moja. Ni jina la jumla walilopewa watu wa mashariki ya Kongo waliovuka ziwa: Wakusu, Wabangubangu, Wabembe, Wagoma, Wabwari na wengine. Muulize mzee lugha ambayo bibi yake alikuwa akiimbia watoto, au nyimbo za ngoma za ukoo. Hapo ndipo asili halisi hujitokeza.

Baadhi walivuka kama wafanyabiashara, baadhi kama askari wa misafara, wengi kama watumwa. Usimuulize mtu wa Ujiji kama babu yake alikuwa mtumwa. Ni tusi, na mlango utafungwa. Uliza alikuja na nani, alikaa kwa nani, na nani alimwoza. Majibu hayo matatu yanatosha kwa mwenye kuelewa. Kwa upande wa karatasi, Mjerumani alitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu, akatangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni watu huru. Mwingereza akaufuta utumwa kisheria 1922. Hati hizo zina thamani kwa sababu humtaja aliyeachwa huru pamoja na bwana wake, na jina la bwana ndilo linalokupeleka kwenye familia yenye kumbukumbu. Tahadhari: aliyeachwa huru huenda alitumia jina la bwana wake baada ya “bin.” Hilo halimfanyi kuwa mwanawe wa kuzaa.

Nyaraka za serikali

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Nenda na kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho, penseli, na orodha yako ya tahajia. Usianze na jina la babu. Orodha za mafaili hazikupangwa hivyo. Anza na vitabu vya wilaya ya Tabora au Kigoma vya wakati wa Mwingereza: humo wakuu wa wilaya waliandika nasaba za watemi, majina ya wanangwa, mipaka, na historia walizosimuliwa na wazee wa wakati huo. Ukipata mwanangwa wa kijiji chenu, omba mafaili ya kesi za baraza, mirathi na kodi ya eneo lake. Mafaili ya Kijerumani yapo pia, yametengwa na ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina makusanyo ya Hans Cory, mtaalamu wa serikali aliyeandika sana juu ya mila za Wanyamwezi, Wasukuma na majirani zao.

Ukiwa na intaneti, nyaraka za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin chini ya alama R 1001, na sehemu kubwa imewekwa mtandaoni. Gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la 1899 hadi 1916 linasomeka bure. Barua za serikali ya Tanganyika kwenda London ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza chini ya alama CO 691. Ukweli usemwe: mtu wa kawaida hatajwi humo. Zitumie kuelewa mazingira ya kijiji. Wa Kigoma wa 1916 hadi 1921 watazame Brussels pia, kwa sababu karani wa miaka hiyo alikuwa Mbelgiji.

Walioondoka

Wengi hawakufia kwao. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, waliochukuliwa na pande zote, kwa sehemu kubwa hawakuandikwa kwa jina, hivyo usipoteze mwaka kuwasaka. Wa Vita vya Pili, wale wa Keya (jeshi la King's African Rifles), ni tofauti: waliokufa wanapatikana kwa jina kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Waliokwenda manamba, yaani vibarua wa mkataba mashambani, kutoka Kasulu na Kibondo, baada ya 1944 waliandikishwa kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, na kipande cha kazi kikipatikana kitakuonyesha shamba. Wengi walioa huko Tanga au Morogoro. Tafuta ukoo wenu huko pia.

Makaburi, na mahame

Kijiji cha leo si cha babu. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ilihamisha watu kwa sababu ya malale, Kibondo na upande wa Tabora. Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya 1972 na zile za Tabora zilizofuata. Muulize mzee hame la ukoo liko wapi, na mwende naye. Safu ya miembe mikubwa porini, mawe ya mafiga na vigae vya vyungu ni dalili ya makazi ya kale. Pima mahali hapo kwa simu na uandike nani alikuonyesha.

Kuweka kumbukumbu

Tumia daftari moja la kurasa 200, ukurasa mmoja kwa mtu mmoja. Kila habari iandikiwe pembeni imetoka kwa nani na lini. Kiungo kati ya baba na mwana kisimame kwa mashahidi wawili wasiofundishana: mzee na karatasi, au wazee wawili wa nyumba tofauti. Chenye shahidi mmoja kichore kwa mstari wa nukta. Uhusiano na mtemi au na wapagazi wa Livingstone ndio unaotakiwa na kila ukoo, kwa hiyo huo udai mashahidi watatu.

Kamba ikikatika, andika “hajulikani,” na chini yake yale matatu unayoyajua: eneo, mtemi, mwaka wa kukadiria. Toa nakala tatu za daftari, moja ibaki kwa shangazi mkubwa, moja kwa ndugu aliye nje ya mkoa, na moja uiweke kwenye bahasha ndani ya sanduku lilelile la bati.